Vipimo Ishirini, Matundu Kumi

Bibi Firimbi hakutaka shikamoo ya mtu yeyote asubuhi hiyo.

"Marahaba ya nini, mwanangu? Nimelala chali wiki ya sita. Vuta kiti, uliza unachouliza, kisha nenda kafanye kazi."

Inspekta alivuta kiti. Mwanamke huyu wa miaka sabini na minne alikuwa amefundisha michezo shuleni miaka thelathini na mmoja, na jina la Firimbi alipewa na wanafunzi ambao baadhi yao leo wana wajukuu. Wiki sita zilizopita aliteleza bafuni akavunjika kikombe cha nyonga, lile bakuli la mfupa ambamo kichwa cha paja huzunguka. Mifupa yake ilikuwa imeshapungukiwa na uzito kwa umri, imebaki vijishimo vijishimo kama mkate. Profesa, bingwa wa mifupa wa hospitali hii, akaifunga kwa skrubu mbili za aina mpya. Wiki tatu baadaye skrubu zikachomoka.

Naye hakuwa wa kwanza. Wa kwanza alikuwa kinyozi mstaafu, ambaye baada ya skrubu kutoka hakuinuka tena kitandani. Damu iliganda mguuni, ikapanda mapafuni, ikamuua. Ndugu zake walikuja kituoni wakipiga kelele kwamba hospitali imemtia mzee wao skrubu feki. Siku kumi nzima Inspekta alifukuzia skrubu feki. Alipekua stoo, akawabana mawakala, akapeleka skrubu kwa wakaguzi wa viwango. Jana jioni jibu likaja: skrubu ni halisi, chuma ni safi, vipimo ni sawasawa. Siku kumi zimekwenda bure, na leo alikuwa ameamka na hasira ambayo hata chai haikuipoza.

"Faili lako linasema ulikanyagia mguu kabla ya ruhusa," alisema.

"Faili ni la nani? Mimi ndiye niliyeliandika?"

"Ulikanyaga?"

Bibi alimtolea macho. "Mwanangu, mimi nimelea magoti ya watoto wa watu. Mtoto akiumia nikimwambia wiki sita, anakaa wiki sita, hata baba yake aje na gari. Sasa mimi mwenyewe nishindwe kukaa? Nilikuwa nimelala! Sista ananigeuza atoe shuka. Nikasikia humu ndani, ta! Kama mtu kavunja biskuti."

"Mama, tuyaache hayo," alisema binti yake, aliyekuwa amesimama dirishani akikunja nguo. "Profesa ameeleza vizuri tu. Nami nilikukuta mguu uko nje ya kitanda."

"Mguu mzima! Ule mzima, nilikuwa nasikia joto!" Bibi akamgeukia Inspekta. "Huyu ndiye alinigombeza mbele ya wodi nzima. Eti nimejivunja kwa ukaidi wangu. Mimi niliyemzaa."

Binti alikunja nguo ileile mara ya pili.

Sista wa zamu aliingia na karatasi. Saa nane mchana Bibi angerudishwa chumba cha upasuaji, atiwe skrubu aina ileile, ila ndefu zaidi. Mfupa ule ulishatobolewa mara moja. Ukitobolewa tena na skrubu zikatoka tena, hakungekuwa na mfupa wa kutosha kufungia chochote, na Bibi asingesimama tena maisha yake yote. Kilichobaki kwenye karatasi kilikuwa sahihi yake tu.

"Nitatia sahihi kalamu yangu ikipatikana," alisema Bibi, na kalamu alikuwa ameishika mkononi.

Sista alitazama kalamu, akatazama dari, akatoka. Inspekta alitazama saa. Ilikuwa saa tatu na robo.

Kabla hajaondoka aliyapanga mafaili matatu juu ya meza ya wauguzi, moja kando ya jingine. Kinyozi, mwanamke mshonaji ambaye naye skrubu zilimtoka, na Bibi Firimbi. Yote matatu yalikuwa na sentensi moja, neno kwa neno, kwa mwandiko mmoja, wa Profesa: Mgonjwa alikanyagia mguu kabla ya ruhusa. Kisha akafungua karatasi za wauguzi, zile ambazo wakubwa hawazisomi, akazisoma mstari kwa mstari. Aliporidhika aliyatia mafaili mkobani. Kama skrubu si feki, na wagonjwa hawakukanyaga, basi kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho hakuna aliyekigusa: ile ripoti ya majaribio ya Profesa, iliyosema kwamba skrubu mpya ni bora kuliko za zamani.

Maabara ya mifupa ilikuwa nyuma ya jengo la kufulia, vyumba viwili vyenye harufu ya mafuta ya mashine na sabuni. Fundi wa maabara alikuwa mtu wa makamo mwenye koti la kijivu na kalamu tatu mfukoni, na alivyomwona mgeni tu alianza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Karibu, Afande. Profesa hayupo."

"Sikumfuata Profesa. Nionyeshe mlivyolinganisha."

Fundi alipumua. Kuonyesha mashine hakukuwa na ubaya, na mtu anayependa kazi yake hana ujanja akiombwa aieleze. Alitoa skrubu mbili akaziweka juu ya kitambaa.

"Hii ya zamani. Ina meno mwili mzima, toka kichwani mpaka nchani. Hii mpya ina meno nchani tu, lakini mapana, na shina lake ni laini. Wazo ni kwamba meno mapana yatakamata mfupa mwepesi vizuri zaidi."

"Na mliipimaje?"

"Hatutumii mtu. Kuna mfupa bandia, vipande vya sponji ngumu vilivyotengenezwa viwe vyepesi kama mfupa wa mzee. Natoboa, natia skrubu, nafunga kwenye mashine. Mashine inasukuma na kuachia, kama mtu anayetembea. Kila msukumo ni hatua moja. Skrubu ikicheza milimita mbili, inajizima na kuandika hatua ngapi."

Inspekta alifungua ripoti kwenye ukurasa uliokunjwa. "Skrubu mpya ilistahimili wastani wa hatua elfu tisa. Ya zamani elfu tatu. Vipimo ishirini, kumi kwa kila aina."

"Ndivyo."

"Vipande viko wapi?"

"Vya nini, Afande? Vimekwisha kazi."

"Mtu anayefuta meza safi hatupi vitu. Viko wapi?"

Fundi alifungua kabati la chini. Vipande vilikuwa vimepangwa kwa usafi wa kukera, kila kimoja na namba ya kalamu ya wino mzito. Inspekta alivitoa kimoja kimoja akivipanga sakafuni. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Akaingiza mkono kabatini mpaka ukagusa ukuta wa nyuma.

"Vingine?"

Fundi alirudia kufuta meza.

Inspekta aliinua kipande namba nne, akakigeuza. Kilikuwa na tundu moja. Namba saba, tundu moja. Vyote kumi, tundu moja moja.

"Fundi, mimi hesabu zangu ni za shule ya msingi. Vipimo ishirini. Matundu kumi. Hebu nisaidie."

Fundi alikuwa anatazama kitambaa chake.

"Na hapa pembeni umeandika. Namba nne: mpya, asubuhi. Chini yake: zamani, alasiri." Sauti ya Inspekta ilianza kupanda. "Ulitia skrubu mpya kwenye tundu jipya, ukaitembeza mpaka ikalegea. Ukaichomoa. Halafu ukatia ya zamani kwenye tundu lilelile bovu!"

"Vipande vilikuwa kumi tu, Afande."

"Hata anayetundika picha ukutani anajua! Msumari ukilegea, ukitia mwingine palepale, haushiki! Wewe ni fundi!"

"Najua mimi ni fundi!" Fundi alipiga meza, skrubu zikaruka. Kisha akaonekana kushtushwa na mkono wake mwenyewe. Alikaa. "Nilimwambia. Nilimwambia siku ileile, Profesa, hii si haki, ya zamani inapokea tundu lililochoka. Akasema tunajaribu mashine tu. Akasema vipande kumi vingine viko njiani, vikifika tutairudia ya zamani upya."

"Vikafika?"

Fundi aliinuka. Alikwenda chumba cha pili, akasogeza ndoo na feni mbovu, akaburuta boksi. Utepe wake haukuwa umekatwa. Juu lilikuwa na vumbi na karatasi ya kupokelea mzigo yenye sahihi ya Fundi na tarehe.

Inspekta alichuchumaa akasoma. Tarehe nne, mwezi wa pili. Alitoa daftari lake. Profesa aliisoma ripoti kwenye mkutano wa madaktari tarehe sita, akapigiwa makofi, akapigwa picha. Kinyozi alipasuliwa tarehe kumi na tisa.

"Siku kumi na tano," alisema taratibu. "Boksi limekaa hapa siku kumi na tano kabla kinyozi hajalazwa kwenye meza ya upasuaji. Kurudia kungechukua muda gani?"

"Siku mbili."

"Siku mbili!"

"Nilimkumbusha mara mbili, Afande. Mara ya tatu akaniuliza kama nimechoka kazi. Nina watu wanaonitegemea. Nikanyamaza." Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilifikiri labda hata hivyo mpya itakuwa bora. Nikawa naomba iwe bora."

Inspekta alitamani kumkamata ukosi amtikise. Alifanya lililokuwa na faida zaidi: alitoa funguo zake, akachana utepe.

"Mashine inakwenda hatua ngapi kwa dakika?"

"Mia tatu."

Alipiga hesabu. Hatua elfu tisa ni nusu saa. Sasa ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi. "Kuna mwanamke juu ambaye saa nane anatiwa skrubu hizi mara ya pili. Toboa tundu jipya. Tia ya zamani. Sitakulazimisha. Nakuuliza tu, leo utanyamaza tena?"

Fundi alitoa kipande kutoka kwenye boksi, akakipuliza vumbi ambalo halikuwapo, akakibana kwenye jiliwa la mezani. Alitoboa taratibu. Aliingiza skrubu ya zamani, akabana, akaangalia kwa jicho moja kama imenyooka. Saa tano na dakika tano akabonyeza kitufe, na mashine ikaanza kutembea.

Walisimama wakitazama namba. Elfu moja. Elfu mbili. Ilipofika elfu tatu, pale ambapo ripoti ilisema skrubu ya zamani hulegea, Inspekta alijikuta ameuma mdomo. Elfu tatu na mia tano. Elfu tano. Skrubu haikucheza. Mashine ilisukuma na kuachia, kusukuma na kuachia, na skrubu imetulia tuli.

Elfu tisa ilipita saa tano na dakika thelathini na tano. Fundi aliitazama namba ile akafumba macho.

Saa sita na dakika kumi mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Profesa alikuwa mrefu, kavaa koti jeupe lililopigwa pasi mpaka mikononi, na aliingia kama mtu anayeingia chumbani kwake akakuta wageni kitandani.

"Nani ameruhusu mashine yangu iwashwe?"

"Mimi," alisema Fundi.

Profesa alimtazama kana kwamba mashine yenyewe ndiyo iliyosema. "Wewe?"

"Mimi, Profesa. Ya zamani, tundu jipya. Iko elfu kumi na tisa na mia tano. Haijalegea."

"Kipande kimoja hakithibitishi chochote."

"Kweli kabisa," alisema Inspekta. "Ndiyo maana kuna vingine tisa ndani ya boksi. Vilikuwapo tangu tarehe nne. Kwa nini hukulifungua?"

"Wewe ni polisi. Hujui utafiti unavyokwenda."

"Najua kuhesabu. Uliandika vipimo ishirini kwa matundu kumi, na hukumwambia msomaji. Kwa nini?"

"Yale yalikuwa majaribio ya awali. Msimamo wangu unatokana na uzoefu. Nimefunga mifupa miaka ishirini na minane, mikono yangu inajua skrubu inaposhika. Ripoti ilithibitisha tu nilichokijua."

"Kinyozi umemuua kwa ulichokijua?"

Uso wa Profesa ulibadilika rangi. "Yule alikanyaga. Wote watatu walikanyaga. Wazee hawasikii, unawaambia lala wanaamka kwenda msalani, halafu lawama kwa daktari!"

Hapo Inspekta alitoa faili la kinyozi. Alikuwa ameisubiri sentensi hiyo tangu asubuhi.

"Eksirei ya siku ya nne. Skrubu zimeshaanza kutoka, hata mimi naziona. Na hii ni karatasi ya wauguzi, siku ya kwanza mpaka ya nne: dripu mkononi, mpira wa mkojo, hajainuka kitandani. Imetiwa sahihi kila zamu, sahihi kumi na mbili. Alikanyaga wapi, Profesa? Juu ya godoro?"

Profesa alipokea eksirei. Aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, na kwa mara ya kwanza aliitazama kama daktari. Aliitazama muda mrefu. Nyuma yake mashine iliendelea kutembea, ikafika elfu ishirini, ikapita.

"Picha hii sikuionyeshwa," alisema.

"Ina alama yako pembeni. Uliiona, hukuitazama."

Fundi alichukua kalamu mojawapo kati ya zile tatu, akaandika kwenye kipande kipya: zamani, tundu jipya, 20,000, inaendelea. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa ripoti yote.

"Upasuaji wa saa nane unafutwa," alisema Profesa hatimaye, kwa sauti ndogo. "Nitampa mwenzangu kesi ile. Atumie za zamani, pande zote mbili, na bamba la chuma la kusaidia."

"Utamwambia mwenyewe mgonjwa. Kisha tutakwenda kituoni, wewe na mimi na boksi."

Bibi Firimbi aliwaona wakiingia wodini, Inspekta mbele, Profesa nyuma, akajivuta juu ya mto. Karatasi ilikuwa bado haina sahihi. Sista alikuwa amemletea kalamu nne.

Inspekta hakumzungusha. "Bibi, hukukanyaga. Skrubu haikukufaa, na walikuwa na njia ya kulijua hilo kabla hujaingia hapa."

Binti alikuwa anamimina maji. Aliendelea kumimina mpaka glasi ikajaa na maji yakamwagikia meza.

Profesa alianza kueleza: daktari mwingine, skrubu nyingine, lini, vipi. Alieleza kwa adabu. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyozoea kumsikiliza mtoto mwenye sababu ndefu ya kuchelewa mazoezini.

"Nimekuelewa," alisema. "Sasa lete faili langu."

"Bibi, faili ni..."

"Lete. Hiyo sentensi, ifute."

"Kumbukumbu za hospitali hazifutwi. Ni kanuni."

"Basi andika chini yake. Mimi nitatia sahihi ya upasuaji ukishatia yako." Akamnyooshea kalamu, ile aliyoishikilia tangu asubuhi. Inspekta akalitoa faili lake mkobani, akaliweka mezani.

Profesa alitazama wodi. Vitanda kumi na viwili, na hakuna aliyekuwa amelala. Aliinama kwenye meza ndogo iliyolowa maji, akaandika mistari miwili, akatia sahihi na tarehe. Alipotaka kufunga faili Bibi aliliwekea mkono.

"Mpe huyu asome. Alinigombeza mbele ya wodi nzima, atasoma mbele ya wodi nzima."

Binti alilipokea faili kwa mikono miwili. Midomo yake ilianza kutetemeka kabla hajasoma neno la kwanza.

"Mgonjwa hakukanyagia mguu. Maelezo... maelezo ya awali hayakuwa ya kweli. Mama, nisamehe. Nisamehe, Mama, niliwasikiliza wao."

"Nimekusamehe toka juzi, mimi ni mama yako," alisema Bibi, na machozi yalikuwa yanamtiririka kuelekea masikioni kwa vile alilala chali. "Lakini soma tena. Kwa sauti. Kitanda cha mwisho hawajasikia."

Binti alifuta uso, akasimama wima, akasoma tena kwa sauti iliyofika mpaka korido.

Profesa alinyoosha mkono amrudishie Bibi kalamu yake. Inspekta akamzuia. Alifungua mkoba, akatoa faili la mshonaji na faili la kinyozi, akayaweka mbele yake juu ya meza.

"Bado mawili," alisema.